Ukurasa wa Miaka Tisa

Tangazo! Liwafikie wote wenye masikio, pamoja na wale walio nayo ila hawayatumii: mimi, kiranja mstaafu wa bweni, msichana wa nidhamu ya kupigiwa mfano, sina hatia yoyote katika jambo lililotokea sebuleni kwa shangazi yangu siku ya Alhamisi.

Shangazi ameisoma sentensi hiyo akiwa amesimama nyuma yangu. Amecheka kwa pua, akasema nikifika mwisho wa karatasi niirudie kama nitathubutu. Basi tuendelee.

Kwanza ieleweke kwamba kwa Shangazi sikwenda kwa hiari. Nilikuwa nimerudishwa nyumbani kwa wiki mbili, kwa sababu kuna mtu alibandika kwenye ubao wa matangazo wa shule barua yenye mhuri, ikisema kwamba matroni wetu ameteuliwa kuwa balozi. Mhuri ulichongwa kwa kiazi. Matroni aliaga watu, akalia, akagawa sufuria zake zote. Kuzirudisha zile sufuria kulichukua siku tatu. Baba alisoma barua ya mkuu wa shule. Alifunga sanduku langu la bati akanipeleka kwa dada yake, kama mtu anayepeleka saa kwa fundi.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, Mheshimiwa Balozi. Simu."

"Simu gani?"

"Hiyo inayotetema mfukoni mwako."

Akaichukua, akaitia kwenye droo ya riboni, akafunga kwa ufunguo, na ufunguo akauvaa shingoni. Siku hiyo ya kwanza tulichukiana kwa adabu. Kuanzia ya pili, adabu tuliiweka kando.

Sebule ya Shangazi haina kochi. Ina meza mbili ndefu, makopo ya gundi, karatasi ngumu za kila rangi, na matofali sita yaliyovikwa magazeti. Hapo hutengeneza kadi kwa mkono: za kuzaliwa, za harusi, za pole. Hutengeneza pia albamu za safari. Watu humletea mifuko ya picha, tiketi, ramani zilizokunjika na risiti za nyumba za wageni, naye huvipanga vyote kwenye kurasa, anabandika, anaandika maelezo kwa mwandiko wake wa maua, kisha anazikandamiza kurasa chini ya matofali hadi zikauke. Mtu akitazama anadhani amesafiri yeye.

Mimi nilipewa kukata mabaki.

"Huo ni mstari au njia ya panya?" aliniuliza kila asubuhi. "Kata, tupa kwenye pipa. Kadi za watu usiguse. Mkono wako hauna heshima."

Sasa, mtu aliyemteua balozi kwa kiazi kimoja anaambiwa mkono wake hauna heshima! Hilo niliandika moyoni. Kwenye daftari niliandika pia, nikiiga mwandiko wake wa maua. Kufikia mwisho wa wiki ya kwanza, hata yeye asingeweza kutofautisha herufi zake na zangu.

Jumapili, yeye akiwa bafuni, nilijaribu kuifungua droo kwa ncha ya mkasi wa mawimbi, ule unaokata ukingo wa karatasi ukawa na vilima vilima. Droo haikufunguka. Mkasi ulilia *tak*, ukapungukiwa na jino moja. Nikaurudisha kwenye kopo lake, nikakaa mkao wa mtu anayesali.

Hapa nimtambulishe Mzee Honi, ambaye alikuwa akija tangu wiki hiyo ya kwanza. Hilo ni jina alilopewa na abiria, maana aliendesha basi la masafa marefu kwa miaka thelathini, na sauti yake ilisikika kabla ya basi. Siku hizi amestaafu na mkono wake wa kulia unatetemeka. Alikuwa amemletea Shangazi mfuko uliojaa tiketi, vibali vya mpakani na picha zake akiegemea basi, na agizo ambalo Shangazi alisema hajawahi kulipata: kurasa kumi na mbili, kila ukurasa siku moja. Siku yenyewe ni ya kuzaliwa ya binti yake, toka miaka sita hadi kumi na saba. Kila ukurasa uonyeshe baba alikuwa wapi siku hiyo, maana nyumbani hakuwepo hata mara moja. Na kila ukurasa uwe na mfuko mdogo, ndani yake kadi ambayo angepaswa kuituma wakati ule.

Binti huyo sasa ni muuguzi katika hospitali ya mjini. Alikuwa hajasema na baba yake kwa miaka minne. Namba ya simu ya mzee aliifungia. Akimwona barabarani anavuka upande wa pili.

"Akiikataa hii, dada," Mzee Honi alimwambia Shangazi, "mimi sina barua nyingine. Nimemaliza."

Kwa kuwa mkono wake hautulii, alikuwa anasema naye Shangazi anaandika. Kila alipoanza kusema, mimi nilitolewa nje kama moshi, nikafagie ua ambao nilikuwa nimeshaufagia. Hilo nalo niliandika moyoni.

Jumatatu Shangazi alitoka kununua gundi. Kurasa kumi na moja zilikuwa tayari, mifuko yake imefungwa kwa tone la nta nyekundu. Ukurasa wa miaka tisa tu ndio uliokuwa bado wazi mezani. Nikaitoa kadi yake. Nikakata karatasi ya rangi ileile ya waridi kwa mkasi wa mawimbi, nikachora puto, na kwa mwandiko wa maua nikaandika:

*Heri ya kuzaliwa! Ningekuja, ila basi lilijaa, na kusimama siwezi.*

Dereva amekosa siti kwenye basi lake! Nilicheka hadi nikashika meza, kisha nikaitia kwenye ule mfuko. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: mzee atakuja kukagua, atafungua mfuko, atasoma, atawaka, na Shangazi ataona haya mbele ya mteja wake. Kisha nitaitoa kadi halisi, niseme ulikuwa utani, na mkono usio na heshima utaheshimiwa.

Lakini Shangazi alirudi, akaufunga mfuko kwa nta bila kuchungulia. Jumanne mzee alipokuja, nilijisogeza nione vizuri.

"Hutakagua, mzee wangu?" nilimwuliza, kwa upole ambao ungemshtua matroni.

"Mfuko ukishafungwa unafunguliwa na mwenye jina tu," alidakia Shangazi. "Ndivyo ninavyofanya kazi mimi. Au Mheshimiwa ana utaratibu mwingine?"

Mzee Honi aliikumbatia albamu kifuani, akatoka nayo kuelekea hospitali. Mlango ulikuwa wazi. Mdomo nilikuwa nao. Nikarudi kukata mabaki.

Jumatano mzee alikuja kuuliza kama kuna simu yoyote, kwa kuwa namba iliyoandikwa nyuma ya albamu ilikuwa ya Shangazi. Hakukuwa na simu. Alhamisi alikuja tena, akakaa kwenye kigoda karibu na dirisha, kofia magotini. Saa nne hivi mlango ukasukumwa bila hodi.

Aliingia mwanamke mwenye sare nyeupe, viatu vya raba, na uso wa mtu ambaye amekesha kazini na hana ruhusa ya kuchoka. Akaitupa albamu mezani, juu ya gundi mbichi.

"Nani mwenye hii karakana?"

"Ni mimi, mwanangu," alisema Shangazi. "Karibu."

"Sikaribii. Nimekuja kurudisha." Ndipo alipomwona baba yake. "Aha! Na huyu dereva wenu yupo. Vizuri. Sitarudia mara mbili."

Mzee Honi alisimama. Kofia ikaanguka.

"Nilifungua mfuko mmoja tu," alisema Muuguzi. "Mingine kumi na moja sijaigusa. Nilijiambia, huu wa miaka tisa ukiwa na neno moja la kweli, nitafungua iliyobaki. Unaijua siku hiyo, mama? Huyu aliahidi kufika saa kumi. Nilikaa getini na gauni jipya mpaka giza. Miaka ishirini ananiambia basi liliharibika. Basi liliharibika, basi liliharibika! Sasa sikiliza alichokulipa umwandikie."

Akaisoma kadi yangu kwa sauti. Kwa taarifa yenu, haikuchekesha. Nilishangaa maana maneno yalikuwa yaleyale.

"Liliharibika, leo lilijaa," alisema. "Kisingizio kipya, na puto juu yake."

"Mwanangu, siyo nilichosema," alisema Mzee Honi.

"Ulisema nini, basi? Sema sasa. Niko hapa."

Mzee alifungua mdomo. Mtu ambaye sauti yake ilitangulia basi kwa miaka thelathini hakutoa hata pumzi. Akatazama sakafu.

"Nilijua," alisema Muuguzi. Akamgeukia Shangazi. "Na wewe mama, mtu mzima na heshima zako, unaandika upuuzi huu kwa mwandiko mzuri hivi?"

Shangazi aliichukua kadi. Niliona macho yake yakipita juu ya herufi, yakisimama, yakirudi. Zilikuwa zake. Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo hakuna aliyeniomba.

"Samahani, wakubwa," nilisema, mikono nyuma kama mbele ya mstari wa asubuhi. "Mimi nilikuwepo siku zote. Shangazi huandika anachoambiwa. Labda mzee alijisahau. Umri nao, jamani."

Mzee Honi alinitazama. Hakukasirika. Alikuwa anajiuliza kama ni kweli.

Shangazi naye alinitazama. Kisha akaenda dirishani, akainua kadi kwenye mwanga, akauangalia ukingo wake. Kilima, kilima, kilima, pengo. Kilima, kilima, kilima, pengo. Akainama kwenye pipa langu la mabaki, akachomoa kipande cha karatasi ya waridi, akakiweka kando ya kadi. Mapengo yakalingana.

"Mheshimiwa, niletee mkasi."

Nikampelekea ule wa kawaida.

"Wa mawimbi."

Nikaupeleka. Aliufungua na kupitisha kidole kwenye meno.

"Kadi zote kumi na mbili nilizikata wiki iliyopita. Meno yalikuwa kamili. Jino liko wapi?"

"Meno huwa yanang'oka, Shangazi. Hata ya watu."

Hakuna aliyecheka. Alichukua kibano anachoshikia vitu vidogo, akapiga goti mbele ya droo ya riboni, akachokonoa tundu la ufunguo. Kikatoka kipande cha chuma, kidogo kama punje ya mchele. Akakiweka mezani, mbele ya watu wote.

"Sema," aliniambia. Hakupaza sauti, na ningependa angepaza.

Nikasema. Nilianza na droo, nikaja kwenye kadi, puto, nta. Nilijaribu kuweka neno "utani" mahali fulani katikati, lakini Muuguzi alinikatiza.

"Ya kwangu iko wapi?"

"Kwenye sanduku langu. Ndani ya soksi."

"Ilete."

Niliileta. Alinyoosha mikunjo kwa kidole gumba, akaisoma amesimama. Naijua kwa moyo, kwa hiyo naiweka hapa:

*Leo umetimiza miaka tisa. Basi halikuharibika. Nilikuwa nimeshafika kituoni, barabara ya nyumbani iko wazi. Bosi akanisifu mbele ya madereva wenzangu, akasema safari ya pili haiwezi mtu mwingine ila mimi. Nikaona raha kusifiwa. Nikageuza basi. Wewe ulikuwa getini na mimi nilikuwa ninapiga honi.*



"Barabara ilikuwa wazi?" Muuguzi aliuliza, bila kuinua macho.

"Ilikuwa wazi," alisema Mzee Honi. Sauti ilikuwa ndogo, lakini ilitoka.

"Miaka ishirini unalisingizia basi."

"Ndiyo."

"Ningekuchukia vilevile."

"Najua."

"Ila ningekuwa najua ninachukia nini." Alivuta kigoda kwa mguu, kwa hasira, kikagonga meza. "Keti, Baba. Unatetemeka, na zamu yangu imekwisha."

Akachukua kisu cha karatasi mezani, akafungua albamu ukurasa wa kwanza, wa miaka sita, akaipasua nta. Hakutabasamu. Alionekana kama mtu anayefungua kidonda ili akisafishe. Kabla ya kuisoma kadi hiyo alinigeukia, kisu bado mkononi.

"Wewe. Hii ya miaka tisa, uliisoma kabla ya kuitoa?"

Hapa ndipo nilipopaswa kurudia lile tangazo langu la mwanzo. Shangazi bado amesimama nyuma yangu, anangoja. Sentensi nimeitazama, haitoki.

Kwa hiyo naandika kama nilivyomjibu Muuguzi. Ndiyo, niliisoma. Niliisoma mara mbili siku hiyo ya Jumatatu, na sikucheka. Nilijua ni kadi nzuri kuliko zote ambazo Shangazi ameandika, na nilijua haikuwa yangu kuigusa. Mezani kulikuwa na kadi nyingine ya kuzaliwa, ya mteja mwingine, iko wazi, ambayo isingemuumiza mtu. Niliiacha. Nilichagua hii kwa sababu ilikuwa nzuri.