Mkwe Wangu na Ua Lake la Bahari

Mimi sikumkataza Halidi kuleta bahari ndani ya nyumba. Watu wa hapa Bigwa wanasema nilimkataza, wanasema Bi Mwajuma alipiga kelele mpaka kuku wakaacha kutaga. Waongo hao. Kelele nilipiga, ndiyo, lakini nilimpigia mwanangu Zuhura. Halidi ni mkwe wangu, na mimi na mkwe wangu hatuongei.

Usinielewe vibaya, hatujagombana. Ni heshima. Kwetu sisi Waluguru tuliolelewa kizamani, mama mkwe na mkwewe wa kiume wanapishana. Akiingia mlango wa mbele, mimi natoka wa nyuma. Hatuli pamoja, hatutazamani usoni, na mwenye neno lake humtuma Zuhura. Siku hizi wengi wameacha, unamkuta mama mkwe na mkwe wamekaa kochi moja wanatazama mpira. Hayo yao. Mama yangu aliishi hivyo na mume wangu mpaka Mungu alipomchukua, na sikuona aliyepungukiwa.

Zuhura asipokuwepo, Halidi huongea na ukuta. Anasimama uani, anageukia pembeni, anasema, "Ukuta, mpe mama shikamoo, umwambie na gesi nimeleta." Na mimi naujibu ukuta huo huo, "Marahaba, mwambie ahsante." Miaka yote tumeishi hivyo na hatujakosana hata siku moja. Hebu nionyeshe wanaoongea kutwa nzima wanaoweza kusema hivyo.

Sasa hiyo bahari. Halidi ni mtu wa Kilwa, fundi wa friji hapa mjini. Alipomuoa Zuhura akaja kukaa kwetu, maana kwetu ardhi ni ya ukoo wa mama, na Zuhura ndiye mtoto wangu pekee. Nikawapa kiwanja nyuma ya nyumba yangu wakajenga. Mtoto wa watu akaacha bahari akaja kutazama milima. Hakulalamika. Ila siku moja akaunda tangi la kioo, dogo tu, la kukaa juu ya meza. Halina mfuniko. Taa inaning'inia juu yake, na kuna kimashine cha kusukuma maji kinachonguruma kutwa kucha. Ndani akapanga mawe ya baharini, akajaza maji ya chumvi ambayo rafiki zake wa malori humletea kwa madumu kutoka Pwani. Halafu akaliweka lile ua.

Yeye analiita anemoni. Mimi naliita ua, ingawa ni mnyama, lina mdomo katikati na linakula dagaa. Lina vidole vingi laini, rangi ya chai ya maziwa, ncha zake zambarau, na havitulii hata dakika. Vidole hivyo vinawasha. Kisamaki kingine kikigusa kimekwisha, isipokuwa wale wawili wa rangi ya machungwa wenye mistari mieupe, ambao wanaingia humo humo katikati wanajilaza kama wako kitandani kwao.

Mwanzoni nilisema huu ni upuuzi. Chombo cha maji kinaachwa wazi ndani ya nyumba, na umeme unakwenda kwa samaki wasioliwa. Lakini siku moja nikamsikia Halidi anauambia ukuta kwamba katika wale samaki, yule mkubwa ndiye jike, na ndiye mwenye nyumba. Dume ni dogo na linafuata anachotaka mkewe. Nikasema, basi hawa ni Waluguru. Tangu siku ile, Halidi akishaondoka kazini, naingia kwao kwa mlango wa nyuma, nakaa kwenye kochi nawatazama. Yule jike nikampa jina la Mwanahawa, kwa ajili ya shangazi yangu ambaye naye hakumwachia mumewe neno la mwisho. Namsimulia mambo yangu yote, na umbea hana.

Mwezi wa pili tukapata msiba. Baba yake Halidi alifariki kule Kilwa, wakafunga safari wote wawili. Wakati wa kuondoka Zuhura akaja kwangu mbio mbio.

"Mama, Halidi anaomba umtazamie tangi. Kuna mstari amechora kwenye kioo. Maji yakishuka chini ya mstari, ongeza ya kwenye dumu mpaka yafike. Samaki wape chakula kidogo asubuhi, na ua lipe dagaa mmoja mmoja. Basi."

Madumu yalikuwa mawili pale kwenye kona. La bluu lina maji ya bahari, jeupe lina maji yetu, haya yanayoshuka mlimani. Ni lipi la kuongezea? Sikuuliza. Ningemuuliza nani? Zuhura macho yamemvimba kwa kulia, na Halidi amesimama uani na begi lake, ameinamisha kichwa. Nianze kumtumia ukuta habari za madumu, mtu amefiwa na baba yake? Nikatumia akili yangu. Hawa ni viumbe wa baharini, nikasema, hapa wako ugenini. Mgeni kama chakula cha kwao kipo, anapewa cha kwao. Nikachukua dumu la bluu.

Joto la Morogoro la mwezi wa pili mnalijua. Maji ya tangi yalikuwa yanashuka kila siku, na kila siku mimi naongeza ya bahari, kikombe kwa kikombe, kwa bismillahi. Nikajiona, kama wanavyosema vijana, naupiga mwingi.

Zuhura alitangulia kurudi, maana yeye ni nesi kule Gairo, hulala huko siku za kazi, na kazi haikumngoja. Alipitiliza na basi moja kwa moja, nyumbani angekuja mwisho wa wiki. Alipofika akanipigia simu, na sauti yake sikuipenda.

"Mama, kaka zake wanataka abaki Kilwa. Wanasema nyumba ya baba imebaki haina mtu, na mwanamume hakai kwa wakwe mpaka anazeekea huko."

"Na yeye anasemaje?"

"Hasemi kitu. Si unamjua."

"Na wewe je?"

"Mimi ni mke wake, mama. Akibaki, nitaomba uhamisho."

Nikakaa chini pale pale nilipokuwa. Mtu atadhani nililia kwa sababu ya Zuhura peke yake. Hapana. Nilimlilia na yule mkwe. Bomba langu likianza kuvuja, yeye amelitengeneza kabla mimi sijajua. Mwaka ule malaria iliponilaza, alikaa nje ya dirisha langu kutwa, amenipa mgongo, kila saa anauuliza ukuta kama mama amekunywa maji. Nampenda yule kijana, nasema wazi, na sikuwa na mlango wa kupitia kumwambia.

Siku ile ile ndipo nilipoona ua limesinyaa. Lilikuwa pana kama sahani, sasa limejikunja limekuwa donge, vidole vimelegea, mdomo uko wazi. Mwanahawa na mumewe wamejibanza pembeni kwenye kioo, wanahema haraka haraka. Nikasema labda wana kiu ya kwao, nikawaongezea tena maji ya dumu la bluu. Kesho yake hali ikazidi.

Roho ikawa juu. Nikawaza, Halidi atakuja kuchukua vitu vyake, atakuta kile kitu kimoja alicholeta kutoka baharini kimekufa mikononi mwangu. Kaka zake wamemwambia kwa wakwe si mahali pake, na mimi namwonyesha kuwa ni kweli. Ua likifa, mkwe sina tena. Ndivyo nilivyoliona jambo lile, na mpaka leo naona sikukosea sana.

Nikampigia Zuhura. Akasema, "Mama, mimi mambo ya lile tangi siyajui. Mpigie mwenyewe."

"Una wazimu? Mimi nimpigie mkwe?"

"Miaka yote nimekuwa simu yenu, mama. Nimechoka." Akakata. Huyo ndiye mtoto niliyemzaa kwa uchungu.

Nikazunguka uani. Nikafagia palipokwisha kufagiwa. Mwisho nikajitanda kanga kichwani vizuri, utafikiri ataniona, nikapiga.

"Halo, Zuhura?"

"Si Zuhura," nikasema. "Ni mimi."

Nikasikia kiti kinaburuzwa, yaani amesimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Pole na msiba, baba."

"Tumeshapoa, mama."

Nikaona nisipomaliza sasa hivi simu itanidondoka, basi nikayamwaga yote kwa pumzi moja, joto, mstari, ua, Mwanahawa kuhema. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mama, ulikuwa unaongeza ya dumu gani?"

"La bluu. Maji ya kwao."

Nikasikia ameguna, kisha akakohoa, na kile kikohozi nakijua, ni cha mtu anayeficha kicheko.

"Mama, samahani sana, naomba uchovye kidole kwenye tangi uonje."

Mkwe ananiambia mimi nionje. Nikaonja. Subhanallah, ulimi ulitaka kunitoka.

"Joto linachukua maji tu, mama," akaniambia taratibu. "Chumvi inabaki. Sasa kila siku ilikuwa inabaki, na wewe unawaongezea nyingine. La kuongezea ni lile jeupe, maji ya mlimani. Hayo ndiyo yanayowaweka hai siku zote."

"Kumbe wanakunywa maji yetu?"

"Tangu walipofika, mama."

Akanielekeza. Asubuhi nichote kikombe cha maji ya tangi nimwage, niweke kikombe cha maji ya mlimani. Jioni vile vile. Nisiharakishe, maana nikiyabadilisha kwa pupa, mshtuko utawamaliza. Mimi mtu wa haraka, hata wali wangu hauivi bila kufunuliwa, nikashika kikombe kimoja kimoja.

Kila jioni baada ya swala ya magharibi simu inaita. Mwanzo ilikuwa ya ua tu. Limefanyaje, mdomo umefunga, wamekula? Halafu akaanza kunisimulia habari za baba yake, jinsi alivyokuwa akimchukua maji yakipwa, wanakwenda kwenye miamba, anamwonyesha maua kama lile moja moja na kumkataza kuyagusa. Nikamuuliza huko wanakula nini, nani anampikia, analala saa ngapi. Akajibu yote. Nikagundua ni mcheshi. Unakaa uani pamoja na mtu, hujui kumbe ni mcheshi.

Asubuhi moja nikaingia na kikombe changu nikakuta ua limefunguka. Si kama zamani, lakini limefunguka, vidole vimesimama vinacheza. Mwanahawa alikuwa ameshaingia ndani yake, na yule mumewe anazunguka nje anangoja ruhusa. Sikungoja jioni. Nikapiga.

"Limefunguka," nikasema. "Na Mwanahawa amerudi ndani."

"Alhamdulillah," akasema. Basi. Nilitegemea furaha zaidi ya hiyo.

"Halidi, una nini?"

"Zuhura ameshakuambia habari za kaka zangu."

"Ameniambia."

"Wanasema huko Bigwa mimi ni mgeni wenu. Mama, sikuwa na la kuwajibu. Hakuna aliyewahi kuniambia vingine. Zuhura huniambia, lakini yeye ni mke wangu, unategemea aseme nini?"

Nilitaka kukasirika. Mguu wa kuku niliokuwa nampelekea kila nikichinja, alidhani ni wa nini? Dua ninazomwombea kila alfajiri kwa jina lake, je? Lakini kuku mpelekaji alikuwa Zuhura, na dua nilimwambia Mungu. Yeye mwenyewe sikumwambia kitu. Kijana amekaa kwangu mpaka mvi zimeanza kumtoka na hajui kama tunamtaka. Machozi yakaanza kunitoka, nikayaacha.

"Nisikilize vizuri," nikamwambia. "Mimi mtoto wa kiume sina. Siku nikifa, nataka wewe ndiye uingie kaburini kunipokea na kunilaza. Simtaki mwingine. Wajomba wa Zuhura wakitaka kuingia, waambie Bi Mwajuma alikataa. Sasa kaa na ndugu zako, msomeeni baba yenu arobaini yake kwa heshima zote. Ikiisha, urudi."

Nikamsikia anavuta pumzi, ile ya mtu anayelia na hataki ijulikane.

"Sawa, mama," akasema. "Ila usife kabla sijafika."

Nikamwambia sina haraka.