Kiwanda cha Mfano

Nchi yetu hubadili sera ya viwanda kila Waziri anaporudi safari. Aliporudi ile ya kwanza, tuliambiwa sote tutaunganisha simu. Ya pili, betri. Safari hii karudi na akili bandia, na wizara ikatangaza kwamba viwanja vya eneo la viwanda ni vya viwanda vyenye akili tu. Visivyo na akili vihame.

Shangazi yangu anatengeneza mabeseni ya plastiki. Mashine yake inanguruma, inatoa moshi kidogo, na kila ikifunguka linadondoka beseni. Akili zote za pale ni za Shangazi mwenyewe, na hizo sera haikuzitaja.

"Wakininyang'anya kiwanja, ndiyo basi tena," aliniambia. "Hili dude nitalipeleka wapi, chumbani?"

Mimi ni fundi wa televisheni, na ujanja ndio mtaji wangu. Nilichukua televisheni kubwa ya mteja mmoja aliyeingia mitini, nikaitundika juu ya mashine, nikaiwekea mistari ya rangi inayopanda na kushuka. Haikuunganishwa na chochote. Wafanyakazi tukawavisha makoti meupe.

Afisa wa wizara alikuja na mpiga picha. Mashine hata hakuitupia jicho. Alisimama mbele ya televisheni, mikono nyuma, uso umemkunjuka kama baba anayemsikiliza mwanawe akisoma.

"Mama, hii inafikiri?"

"Kutwa nzima," Shangazi akajibu kwa macho makavu.

Wiki haikuisha, tukatangazwa kiwanda cha mfano cha taifa. Shangazi alinikumbatia mpaka nikakosa pumzi. Kiwanja kilikuwa chetu, na mimi kichwa kikanivimba.

Kisha yule afisa akarudi na masharti. Wageni watakuwa wanakuja kujifunza. Moshi utachafua kioo, na kelele zitawakera. Kwa hiyo mashine izimwe. Wafanyakazi wabaki na makoti yao, wasimame karibu na televisheni.

"Na mabeseni?" Shangazi aliuliza.

"Mabeseni yasikutie wasiwasi, Mama. Serikali imeshaagiza kutoka nje."

Shangazi alinigeukia. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Halafu akanyoosha mkono, akaizima mashine yeye mwenyewe, kwa sababu wageni wa kwanza walikuwa wameshafika getini.