Chupa Mbili kwenye Mkono Mmoja

Kufikia saa nne asubuhi foleni ya maabara ilikuwa imetoka hadi barazani, na Baba Mapacha bado alikuwa na chupa ya tatu ya damu mkononi. Alisoma jina kwenye lebo, akasoma kwenye fomu, akarudi kwenye lebo. Mara kumi na mbili. Akiiweka chini tu, moyo unamruka, anaichukua tena. Mama mmoja mwenye mtoto mgonjwa mgongoni akasema kwa sauti, "Huyu anapima damu au anaisomea mtihani?" Watu wakacheka. Yeye akainama, masikio yakiwaka moto.

Miezi minane ilikuwa imepita tangu damu za wagonjwa wawili zilipobadilishiwa lebo. Mzee mmoja alipewa dawa za kisukari asichokuwa nacho, akaanguka nyumbani siku ya pili, akarudishwa hospitali akitetemeka na kulowa jasho. Mzee alipona. Baba Mapacha hakupona.

Mkewe ndiye aliyemsukuma atafute msaada. "Kitasa cha mlango unakikagua mara ngapi? Mimi niliolewa na mtu wa maabara, sikuolewa na askari wa zamu."

Mwanasaikolojia alikuwa mwanamke mtu mzima mwenye ofisi ndogo nyuma ya chumba cha chanjo. Hakumpa dawa. Alimpa karatasi yenye safu nne: kilichotokea, wazo lililompitia, alivyojisikia kwa asilimia, na ushahidi, wa kuliunga mkono wazo na wa kulipinga.

Akaandika: Nisipokagua sana, nitaua mtu.

"Unaliamini kiasi gani?"

"Tisini na tano."

"Haya, tusibishane nalo. Wewe si mtu wa vipimo? Tulipime."

Wakapatana. Kila siku atachukua chupa kumi, akague kila moja mara mbili basi, aiweke chini, kisha akae na hofu yake mpaka ishuke yenyewe. Mkuu wa maabara angezihakiki jioni na kumpa majibu Ijumaa. Siku ya kwanza koti lilimganda mgongoni kwa jasho. Ijumaa, chupa hamsini, kosa hakuna hata moja. Wiki ya nne alikuwa anakagua kama wenzake, na foleni inaisha kabla ya mchana. Lile wazo likashuka hadi ishirini.

Ila kwenye safu ya hisia kulikuwa na neno moja lisilosogea. Aibu, tisini. Kila wiki tisini.

"Hofu imeshuka, aibu imekaa palepale," mwanasaikolojia alisema. "Kuna wazo hujaliandika, kaka."

Akaeleza, macho kwenye viatu vyake. Asubuhi ile ya lebo walikuwa wawili mezani, yeye na mwenzake, dada ambaye kila mtu alimwita Kicheko, wakisaidiana kubandika lebo. Uchunguzi ulipokuja, daftari la zamu lilionyesha meza ni ya Kicheko. Kicheko alipoulizwa, alisema hakumbuki, labda ni yeye. Wakamwondoa maabara, wakamweka dirisha la usajili.

"Na wewe?"

"Nilikuwa nimesimama pale pale. Najua ni mimi. Nilizishika chupa zote mbili kwa mkono mmoja nikitafuta kalamu. Nikanyamaza." Akajifunika uso. "Andika kwamba mimi ni mwoga."

"Mwoga ni jina tu, hilo tuliweke pembeni. Ulinyamaza, mwenzako akaadhibiwa. Ushahidi wa kulipinga hilo uko wapi?"

Alitafuta. "Hakuna."

"Basi karatasi haitakuondolea. Wazo likiwa la kweli tunauliza swali lingine: sasa utafanya nini?"

Alikuwa ametamani aambiwe kila mtu hukosea. Hakuambiwa.

Kesho yake mchana alikwenda dirisha la usajili. Kicheko alikuwa ameinamia fomu. Pembeni ya kila jina kulikuwa na alama za penseli, nne nne, na sasa alikuwa anaweka ya tano. Baba Mapacha akaujua ugonjwa ule mara moja.

"Dada, kosa la zile lebo lilikuwa langu. Nilijua tangu siku ile."

Kicheko aliweka penseli chini. "Miezi minane," alisema polepole, "nailazimisha akili yangu ikumbuke kitu ambacho sikukifanya."

"Nisamehe."

"Usiniharakishe. Nenda kwanza kwa mkuu. Sasa hivi, nikuone ukipanda ngazi."

Akapanda, macho ya Kicheko yakimchoma mgongoni. Alitoka na barua ya onyo na amri ya kutogusa sampuli bila msimamizi kwa miezi mitatu. Lakini nyumbani ndiko kulikomvunja. Mkewe alisikiliza yote, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Siku zote nilizokuwa nikimwonea huruma yule dada tukiwa mezani," alisema, "wewe ulikuwa unakula tu?"

Akaosha vyombo peke yake, akakosa hata pa kuyaweka macho.

Kicheko alirudishwa maabara Jumatatu. Hakumsalimia. Siku tatu walifanya kazi bega kwa bega kama wasiojuana. Siku ya nne, Baba Mapacha akajikaza, akamweleza habari za yule mama wa nyuma ya chumba cha chanjo, bila kujipamba.

Kicheko aliendelea kupanga chupa. "Anapatikana lini?"

"Jumatano."

"Nitakwenda," alisema. "Ila usidhani tumemalizana."