Boksi la Mpera

Siku tulipogawana vitu vya marehemu mama, mimi na mdogo wangu tuligombea kitu kimoja tu: boksi lake la vifungo. Sufuria hakuna aliyezitaka. Cherehani ilikwenda kwa mjukuu bila neno. Lakini lile boksi dogo la mbao, lenye kifuniko cha kusukuma, kila mmoja alilishika upande wake.

"Dada, nyumba yako imejaa vitu. Mimi nina nini cha mama?"

"Una pua yake," nikamwambia. "Na hili alilichonga baba, kwa ule mpera wa nje ya dirisha la jikoni."

"Tumesikia. Huo mpera umetutawala hata sisi tusiouona."

Binti yake, mwalimu wa Kiingereza, alikuwa sakafuni akikunja mashuka.

"Mama mkubwa, hata Waingereza yao ni hayo hayo," akasema. "Neno lao la boksi asili yake ni jina la mti. Mti mfupi, mbao zake ngumu, watu wa kale wakachonga humo vikasha vya dawa na marashi. Kikasha kikaitwa kwa jina la mti wake. Siku hizi hata la karatasi ni boksi, na mti hakuna anayeukumbuka."

"Na ndoo nayo ilikuwa mti gani?" mama yake akamtania.

Tukacheka mpaka machozi. Kisha mdogo wangu akafungua kifuniko, akanusa ndani.

"Dada, ulikuwaje huo mti?"

Nikamweleza taratibu. Gome laini, likibanduka vipande vipande. Tawi la chini, mama alipoanika vitambaa vya wateja. Mapera madogo, mekundu ndani, mbegu za kuvunja meno. Ulikatwa mizizi ilipoanza kuinua sakafu ya jiko, yeye akiwa bado tumboni. Nikisema hivyo niliuona wote, na mama chini yake, pini mdomoni.

Nilipomtazama mdogo wangu, alikuwa anapapasa ubao kwa kidole, polepole, kama anayetafuta kitu humo.

Nikaachia upande wangu.

"Chukua."

"Na wewe je?"

"Mimi niliukwea."

Akataka kujua tawi la kwanza lilikuwa kimo gani. Nikamsimamisha ukutani, nikamwekea mkono begani. "Hapa," nikasema.