Video ya Kumzika Khalifa

Skrini ilikuwa nyeusi tititi, lakini mle ndani watu walikuwa wakizika. Aaliyah alisikia wanaume wakiitikia dua, akasikia majembe yakigongana, kisha udongo ukimwagika, na hakuona kitu.

Aliyekuwa akizikwa ni baba yake, Khalifa, muuza nyama wa soko la Gakoromone, mzee wa maneno makali na moyo mlaini. Wanaume walibeba jeneza wakaondoka nalo. Wanawake wakabaki nyumbani, kama ilivyo desturi yao. Ndiyo maana kaka yake, Abubakr, alimpa rafiki simu yake arekodi. Video ikawa kubwa mno, ikagoma kupita WhatsApp. Basi Aaliyah, ambaye huko Majimbo, mjini Embu, hujipatia riziki kwa kutengeneza tovuti za watu, akafungua tovuti ndogo ya familia na kuiweka humo.

Siku hiyo hiyo shangazi yake, Halimah, akapiga simu kutoka Isiolo.

"Aaliyah, hii umetuwekea ni video ama redio?"

Kasoro aliijua. Simu ya Abubakr ni ya kisasa, na hurekodi kwa mtindo mpya ambao simu nyingi hutoa sauti yake na kuiacha picha. Dawa ni kuigeuza iwe MP4 ya kawaida, ile inayofunguka hata kwenye simu ya bei rahisi. Wateja wake aliwafanyia hivyo huku akipiga soga. Hii ya baba ilimshinda. Picha ikibaki nyeusi, aliyefukiwa angeweza kuwa mtu yeyote. Ikionekana, atakuwa ni yeye.

Mama yake, Mwanamisi, alikuwa amekaa eda ya kufiwa na mume, hatoki, na Aaliyah alikuwa amebaki naye pale nyumbani. Kila asubuhi aliulizia video, na kila asubuhi Aaliyah alimdanganya.

"Bado natafuta fomati inayofaa, Mama."

"Siku zote hizo?"

"Ziko nyingi. MP4, WebM, MOV. Ukikosea, kwa wengine inakataa."

Mwanamisi aliweka tasbihi mapajani. "Binti yangu, si hii ndiyo kazi yako? Unaogopa. Hata mimi naogopa. Lakini babako shingo ilimsumbua miaka, na mimi ndiye nilikuwa nikimpangia mto. Nataka kuona kama walimshika kichwa vizuri. Hilo tu."

Aaliyah akalia pale pale, bila kujificha. Alipotulia alifungua kompyuta, akachagua MP4, akabonyeza. Kazi aliyoikwepa siku zote hizo ilikwisha kabla chai haijapoa.

Waliitazama kwenye simu ya mama, wameketi bega kwa bega kitandani. Kaburi likaonekana, na wanaume wameinama, na sanda nyeupe ikishushwa polepole. Abubakr alikuwa mle ndani, amevua koti, amenyoosha mikono kumpokea baba yake. Kiganja chake kimoja kiliingia chini ya kichwa, nacho hakikutoka hadi mwili ulipolala vyema, uso umeelekea kibla.

"Simamisha," mama akasema.

Aaliyah akasimamisha.

"Ona alivyomshika. Ona mwanangu." Machozi yalimchuruzika Mwanamisi hadi kidevuni, wala hakuyafuta.

"Inaendelea, Mama. Bado haijaisha."

"Najua inavyoisha."

"Basi niikate hapa, hata kwa tovuti?"

"Usiikate. Wenzetu wana haki ya kuona yote. Mimi hapa pananitosha."

Akaipokea simu kwa mikono miwili, akabaki akiitazama picha ile iliyosimama. Aaliyah aliiweka video kwenye tovuti nzimanzima, mwanzo hadi mwisho, akampigia shangazi kumwambia kwamba sasa itafunguka. Kisha akabeba kompyuta hadi uani, akaketi peke yake kwenye ngazi ya jikoni, na kuendelea kutazama kuanzia pale mama alipoachia.

Wa kwanza kutupa udongo alikuwa Abubakr, kwa kiganja kile kile.