Chumba cha Tisa

"Jaribio lililopita mikononi mwangu limesomwa mpaka nukta," Kedar Paranjape alipenda kusema, na alilisema zaidi mbele ya wageni, maana wenyeji walishachoka kulisikia. "Mimi nikisoma, hata koma inakaa wima."

Ofisi yao pale Baner, mtaa wa jiji la Pune, ilitengeneza kompaila, ile programu inayochukua maandishi ya mtu katika lugha ya C na kuyageuza amri ambazo mashine inazielewa. Yao ilikuwa na kazi ya ziada: kulinda mipaka. Katika C, kielekezi ni kama kidole kinachoonyesha mahali kwenye kumbukumbu ya mashine. Ukikiambia kisogee kinasogea, hata kama kinaingia chumbani kwa jirani na kupekua sanduku lake, na C yenyewe haina habari. Kompaila yao ndiyo iliyotakiwa kupiga kelele za mwizi. Na ili wajue kama inapiga kelele panapostahili na kunyamaza panapostahili, walikuwa na majaribio maelfu: kila moja kipande kifupi cha programu na jibu lake linalotarajiwa. Hapa kelele. Hapa kimya. Kedar ndiye aliyeyapitia na kuyapa alama ya kijani.

Basi Jumatatu moja mteja akalalamika, na mteja mwenyewe si wa kupuuzwa, ni watengenezaji wa mashine za kusukuma dawa kwenye mishipa ya wagonjwa. Programu yao ilikuwa na safu ya vyumba vinane vya kumbukumbu. Kielekezi kikaenda kusoma chumba cha tisa, ambacho hakipo, na kompaila ikanyamaza kama mtu aliyeulizwa nani amemaliza achari. Hakuna mgonjwa aliyeguswa, mashine ilikuwa bado mezani inapimwa. Lakini Madam Sulabha, mkuu wa kikundi, alipochimba akakuta jambo lililomnyima usingizi: jaribio la kitu hichohicho lilikuwepo. Na jibu lililotarajiwa lilisomeka wazi kabisa: chumba cha tisa, kimya. Kosa halikuteleza mlangoni. Lilikaribishwa, likapewa kiti.

Haya yangekuja wiki nyingine yoyote, Kedar angevumilia. Lakini wiki hiyo Madam alikuwa anateua mlinzi wa majaribio, mtu ambaye asiposema ndiyo, kompaila haitoki nje ya ofisi. Kedar alikwisha kujiteua moyoni. Alikwisha kumwambia mama yake, na mama yake alikwisha kuliambia jengo zima wanaloishi kule Kothrud, mpaka mlinzi wa geti akaanza kumpigia saluti.

Alifungua kumbukumbu za faili la jaribio lile akiwa na moyo mdogo, akaona jina la mtu aliyeligusa mwisho. Ishwari Wankhede.

Moyo ukamtanuka. Ahaa.

Ishwari alikuwa mgeni kutoka Nagpur, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuhamisha majaribio ya zamani kwenye mpangilio mpya. Kedar akaanza kumtazama kwa jicho la pembeni. Na jicho la pembeni likishaanza kazi halikosi kitu. Kwanza, msichana alikuwa anamaliza mapema mno. Pili, mtu akipita nyuma yake alikuwa anageuza karatasi zake chini. Halafu majibu yake yote yaliandikwa kwa mtindo mmoja, yamenyooka kama askari kwenye gwaride. Nani anaandika hivyo kwa mkono? Hata akicheka, Kedar aliona ni kicheko cha mtu anayeficha kitu, ingawa kweli alikuwa anacheka vichekesho vya Sarosh.

Alimshika huyo Sarosh Daruwala, jirani yake wa meza, wakiwa kwenye kibanda cha chai chini ya jengo.

"Sarosh, nimemjua mchawi."

"Mchawi wa nini tena?"

"Wa chumba cha tisa. Yule dada wa Nagpur anabonyeza kitufe."

Sarosh alichovya keki yake ya mawa, ile ya maziwa mazito, kwenye chai, akaitazama isije ikakatika. Kitufe chenyewe kila mtu wa kazi ile anakijua na hakuna anayekubali kukitumia. Badala ya kufikiri jibu sahihi ni lipi, unaiambia kompaila ijijazie yenyewe, na chochote itakachosema ndicho kinakuwa jibu linalotarajiwa. Ni sawa na kumpa mwanafunzi kalamu nyekundu ajisahihishie mtihani. Atafaulu. Atafaulu kila mwaka.

"Umemwona akibonyeza?" Sarosh aliuliza.

"Kwani ukiona moshi, lazima uwe umeuona moto ukiwashwa?"

"Bwana wee, hata hujui unachosema."

"Angalia tu anavyogeuza karatasi! Mtu msafi anageuza karatasi?"

"Kedar, ndugu yangu, na wewe unafunika sanduku lako la chakula nikipita. Nikuite mwizi wa mikate ya bhakri?"

"Hilo nalifunika kwa sababu yako."

Sarosh alicheka, lakini kidogo, kama mtu mwenye neno kooni. Kedar hakuliuliza. Siku hiyo alikuwa na shaka na watu wote isipokuwa mmoja, na huyo alijinyoa kila asubuhi mbele ya kioo cha Kothrud.

Mchana akatega mtego. Aliandika jaribio jipya lenye kosa la makusudi: safu ya vyumba vinne, kielekezi kinarudi nyuma hatua moja na kusoma kabla ya chumba cha kwanza, na jibu linalotarajiwa ni kimya. Akampelekea Ishwari na ujumbe mtamu: "Dada, nisaidie kuhamisha na hili, halina haraka." Akilihamisha bila neno, kesi imekwisha.

Haukupita hata muda wa chai kupoa. Ishwari alikuja mwenyewe mezani kwake, amevuta na kiti.

"Hili jaribio ni la nani?"

"La zamani hilo. Kwani lina nini?"

"Linasoma nje ya mlango wa mbele halafu linatarajia kimya." Alimtazama. "Faili limezaliwa leo, kaka Kedar. La zamani gani?"

"Nilikuwa... napima."

"Unapima kompaila au unanipima mimi?"

"Vyote vinapimwa hapa."

"Sawa. Siku nyingine weka na biskuti, hata panya huwa anawekewa kitu."

Meza za jirani zikacheka. Kedar naye alicheka ili asionekane hakucheka, huku shaka ikimkaa vizuri zaidi. Amejuaje haraka hivyo? Mtu anayegundua mtego upesi, si ndiye anayeijua mitego? Alipoitwa na Madam kwenye chumba cha mkutano jioni ile, aliingia amejaa shaka hadi shingoni.

Walikuwa wanne: Madam Sulabha, Kedar, Ishwari, na Sarosh, ambaye ndiye aliyeandika sehemu ya kompaila iliyonyamaza. Jaribio lenyewe lilimulikwa ukutani, kubwa, pamoja na jina la aliyeligusa mwisho, kila mtu alione.

"Sitafuti wa kunyonga," Madam alisema. "Natafuta lilivyopita. Kedar?"

"Madam, mimi sipendi kusema watu."

"Basi usiseme watu, sema jambo."

"Jaribio hili nililisoma mimi, na nilipolisoma lilikuwa zima. Limegeuzwa wakati wa kuhamishwa. Kuna mtu anaiachia kompaila ijijazie majibu." Akaangalia dari, maana dari haina jina.

Ishwari hakuangalia dari. "Mtu huyo ana jina, lipo ukutani. Sema tu Ishwari."

"Umelisema wewe, dada."

"Haya." Alivuta kompyuta, akaleta nakala ya zamani, ya kabla yeye hajafika hata Pune, akaiweka kando ya mpya. Jina la faili lilibadilika. Mpangilio ulibadilika. Mstari wa chumba cha tisa ulikuwa uleule, herufi kwa herufi, na neno lake lilelile: kimya. Halafu akazigeuza zile karatasi zake zilizokuwa zinalala kifudifudi. Zilijaa vijumba vya penseli, safu baada ya safu, na mishale. "Nachora kila jaribio kabla ya kulihamisha, kwa sababu nikiyatazama kwa macho tu nakosea. Nafunika kwa sababu nachora vibaya. La chumba cha tisa nililiwekea alama ya kuuliza, nilikuwa nangoja kufika mwisho wa kundi ndipo nilete yote kwa Madam."

Chumba kikawa baridi. Kedar alihisi kile kiti cha mlinzi kinavutwa taratibu kutoka chini yake. Lakini ulimi wake haukuwahi kumwacha njiani.

"Ngojeni," alisema. "Ngojeni kwanza. Nimekumbuka. Lilikuwa hivihivi, ni kweli, na nililisoma hivihivi. Tatizo ni kanuni! C inaruhusu kielekezi kusimama hatua moja nje ya safu. Vyumba vinane, kinaruhusiwa kusimama kwenye kizingiti cha tisa. Sivyo, Madam?"

"Kusimama, ndiyo," Ishwari alisema. "Kusoma, hapana. Hapa kinasoma."

"Ndiyo hapo nilipoteleza! Nilikaa nalo, nikalipima, nikasema, huyu yuko kizingitini, mwacheni. Ni kosa la mtu aliyefikiri mno."

Madam Sulabha aliegemea kiti. Uso wake ukalegea kidogo. "Hapo wengi wanateleza," alisema. "Hata mimi niliteleza hapo nilipokuwa kijana. Mtu akisoma akakosea, namrudisha kusoma tena. Ninayemwogopa ni mmoja tu, anayetoa kijani bila kusoma, kwa sababu huyo hana anachoweza kurudia." Akainamia meza. "Kwa hiyo nakuuliza hilo tu, na jibu lako litanitosha. Ulilisoma?"

"Nililisoma, Madam."

"Hili hapa?"

"Kwa macho yangu haya. Nimekaa mezani, nimetulia, nimelitazama mpaka chai ikapoa." Na la ajabu, alikuwa anaiona kabisa ile chai, na utando wake juu. Alikuwa amejisifu miaka yote hii kwa maneno hayohayo, mpaka maneno yakajitengenezea picha. Akataka na picha ipigwe muhuri. "Muulize Sarosh, alikuwa kando yangu. Sarosh, mwambie Madam."

Sarosh alikuwa anakunjakunja karatasi ya keki. Akamtazama Ishwari, akautazama ukuta, ambapo juu ya nakala ya zamani palionekana siku na saa jaribio lilipopewa kijani.

"Madam, nilikuwa kando yake kweli," alisema.

"Mnaona!"

"Siku hiyo skuta yake ilikuwa kwa fundi, nikampeleka mimi kwenye mazoezi ya ngoma, kule kando ya mto, chini ya daraja. Zilibaki wiki chache sikukuu ya Ganpati ifike. Alikuwa amefungwa dhol kiunoni, ile ngoma kubwa, mikono yote ina vijiti. Simu yake ikalia mfukoni kwangu. Ujumbe wa ofisini: majaribio mengi yanangoja kijani chake."

"Sarosh," Kedar alisema taratibu, "umechanganya siku."

"Nikamwuliza, niyafanyeje haya? Akasema, yape kijani. Nikasema, yote? Akasema yote, bonyeza, bonyeza, nitayasoma kesho. Nikabonyeza. Kidole ni changu, Madam, hilo silikatai, na tangu Jumatatu linaninyima raha."

Madam aligeuza shingo polepole mpaka akafika kwa Kedar.

"Pale chini ya daraja, ngoma hamsini zinalia," Kedar alisema, na sauti yake mwenyewe hakuipenda. "Mtu anaweza kusikia chochote. Labda nilisema soma."

"Nilikusikia vizuri," Sarosh alisema. "Ulirudia mara tatu, na ya tatu ulisimamisha ngoma."