Feni Nyuma ya Kioo

Mama Redio, jirani yetu, anasema aliona kwa macho yake mawili, hakuhadithiwa. Anasema alikuwa anapita mbele ya duka la shemeji, akachungulia dirishani, akamwona shemeji analichana boksi jipya, anaitoa kadi ya kompyuta ya kaka, anaifunga kwenye taulo kama mtoto mchanga, anaitia mkobani. Kisha akafunga duka, huyoo.

"Sasa wewe niambie," alimwambia kaka, mikono kiunoni, "kitu kipya kinatoka dukani na taulo, kinakwenda wapi? Kuoga?"

Tulicheka. Lakini kaka alicheka meno tu.

Huyu shemeji ni mume wa dada yetu mkubwa. Kaka hakumtaka tangu posa. Alisema mtu mwenye ulimi wa asali vile, nyuki wake wako karibu. Na tangu baba afariki, kaka ndiye mwenye neno nyumbani, kwa hiyo dada alipoolewa hakukanyaga tena kwetu. Salamu zilipita kwenye simu, basi. Kompyuta ndiyo iliyomrudisha. Kaka alitaka mashine ya kuchezea michezo, ya kuundwa kifaa kwa kifaa, si ya kuokota rafuni. Nikamwambia, "Mpe shemeji kazi hiyo. Dada atakuja naye." Akaguna, akakubali.

Walikaa mezani kwetu kupanga. Kaka alianza na taa. Alitaka feni za kuwaka rangi zote, kiti chekundu, na kibodi inayolia kama mvua ya bati. Shemeji alimwacha amalize.

"Shemeji, unachagua kilemba kabla hujapima kichwa. Mchezo wako una picha nzito. Anza na kadi ya picha, halafu umeme wa kuilisha, halafu hewa ya kuipoza. Taa tutapachika nafasi ikibaki."

Kaka akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayekubali huku anakagua. Dada alikuwa ameketi ukingoni mwa kiti, viatu miguuni, mfano wa mtu aliyeingia kuuliza njia.

Likabaki kasha. Shemeji alitaka la bati pande zote. Mimi shule yangu iliishia ya msingi na hakuna aliyeniuliza, lakini nikasema, "Liwe na kioo ubavuni."

"Kwa nini, shemeji yangu? Huniamini?"

"Nakuamini. Lakini macho hayana pazia."

Wakacheka wote, yeye kwa sauti kubwa kuliko wote.

Sasa baada ya maneno ya Mama Redio kaka hakukalika. Tulikwenda naye dukani siku ya kuichukua mashine. Shemeji aliiwasha mbele yetu, akafungua mchezo kidogo, nikaona kiooni feni za kadi zinazunguka vizuri. Akasema, "Ngoja nifunge duka, nije nikuungie nyaya nyumbani."

"Mikono ninayo," kaka akamjibu, akaikumbatia mashine kifuani, tukaondoka.

Nyumbani akaunga mwenyewe. Mchezo ukafunguka, lakini ukawa unakwamakwama. Askari wake alitembea kama aliyezama kwenye tope mpaka magotini. Nikachungulia kiooni. Feni za kadi zilikuwa zimesimama kimya. Moyo ukaniambia, Mama Redio hakuota.

"Mwizi!" kaka akasema. "Mpigie dada yako, waje wote wawili. Leo namwambia mbele ya mkewe, na mlango huu wasiuone tena."

"Muulize kwanza, kaka. Kutukana kupo tu, hakuchachi."

Nikapiga simu. Walikuja. Dada alibaki mlangoni, hakuvuka kizingiti.

"Shemeji," kaka akasema, na nilimwona anavyoyameza mengine, "ile kadi ulikwenda nayo wapi?"

"Kwangu. Kadi mpya huijaribu kwanza kwenye mashine yangu, nisije nikakuletea ugonjwa. Nani kakwambia, Redio?" Akapita nyuma ya meza, akainama, kicheko kikamtoka. "Waya wa skrini umeuchomeka kwenye bodi, shemeji! Tundu la kadi ni hili la chini. Umenunua ng'ombe, unakamua mbuzi."

Akauhamisha waya, akawasha upya. Askari akakimbia kama amesikia harufu ya pilau. Feni zikazunguka.

Kaka akashika kichwa. "Nisamehe, shemeji. Nilishakuita mwizi, tena kwa sauti." Akamkumbatia. Dada akaingia, akavua viatu, akajitupa kwenye kochi letu kama zamani, analia na kucheka papo hapo.

Mimi nilikuwa nimechuchumaa mbele ya kioo. Kaka alipoufunga mchezo tunywe chai, feni zikapunguza mwendo, zikasimama. Kwenye ukingo wa kila panga palikuwa na mstari wa kijivu. Nikafuta kioo kwa upindo wa nguo yangu, nikidhani ni uchafu wa nje. Haukutoka. Nyumba hii naifagia mimi. Vumbi la usiku mmoja nalijua, ukilipulizia linapeperuka. Hili lilikuwa limeshikana, limezeekea mahali pengine, si la kadi iliyotoka kwenye boksi jipya.

Nilipoinua macho, shemeji alikuwa ananitazama mimi, wala si mashine. Kikombe kiko mkononi, hanywi.

"Mdogo wangu," dada akaita kutoka kwenye kochi, miguu ameikunja chini yake, "wewe ndiye uliyetaka kioo. Hebu mwambie kaka yako umeona nini humo, yaishe kabisa."

Kaka akanigeukia, bado anatabasamu. Shemeji akakiweka kikombe chini.

Nikaendelea kufuta kioo.